Maswali na majibu: Kuhesabu namba kwa nafasi za tarakimu

Kwa nini namba za tarakimu tatu zisizojirudia huhesabiwa 9 × 9 × 8, na si 9 × 8 × 7?

Nafasi ya mamia haipokei sifuri, kwa kuwa 047 ni 47 tu, hivyo ina chaguo 9. Tukifika kwenye makumi, tarakimu moja imekwisha kutumika lakini sifuri sasa inaruhusiwa, kwa hiyo chaguo ni 9 vilevile. Mamoja hubakiwa na 8. Jibu ni 648.

Nilitafuta namba shufwa za aina hiyo nikianzia mamia, nikakwama kwenye mamoja. Nilikosea wapi?

Kosa hili nimelisahihisha kwenye madaftari mengi. Ukiweka 3 na 5 mbele, mamoja yanabakiwa na shufwa tano, yaani 0, 2, 4, 6 na 8. Ukiweka 2 na 4, zinabaki tatu tu, ilhali kanuni ya kuzidisha inataka idadi ya chaguo za kila hatua isibadilike kwa yale yaliyochaguliwa kabla yake. Anzia nafasi yenye masharti mengi, ambayo hapa ni mamoja, kisha utenge sifuri. Namba zinazoishia na 0 ni 9 × 8 = 72. Zinazoishia na 2, 4, 6 au 8 zina chaguo 4 kwenye mamoja, 8 kwenye mamia na 8 kwenye makumi, yaani 256. Jumla ni 328.

Kuanzia 1 hadi 1000, ni namba ngapi zenye tarakimu 7?

Hesabu zisizo nayo. Kuanzia 000 hadi 999 ni 9 × 9 × 9 = 729, na kubadilisha 000 kwa 1000 hakuathiri chochote, kwani zote mbili hazina 7. Zilizobaki ni 271.

Namba ya siri ya tarakimu nne ni salama zaidi tarakimu zote zikiwa tofauti?

Tuseme kioo cha simu kimebaki na alama za kidole chenye mafuta. Alama nne humwachia mwizi mipangilio 4 × 3 × 2 × 1 = 24. Zikiwa tatu, mojawapo imejirudia: kuna njia 3 za kuichagua, nafasi 4 za kuweka tarakimu moja kati ya zile mbili nyingine na 3 za kuweka ya pili, yaani 36. Hata hivyo, kioo kifutwe.