Maili ngapi kwa siku kwenye bahari ya baridi?

SWALI: Nahodha, salaam. Nimezoea kusafiri kwa tanga kwenye maji ya joto, ambako maili 50 kwa siku hazinisumbui. Sasa tuko watatu, tunapanga kuifuata pwani yenye maji ya nyuzi 10 hadi 12 kwa mashua ya mita 10. Nitumie hesabu ileile?

JIBU: Hapana. Shusha hadi maili 25 au 30, tena hesabu saa, si maili. Mashua ya urefu huo huenda kama noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, hivyo maili 30 ni saa 6. Mkikumbana na mkondo wa noti 2 mtabaki na noti 3, na mwendo uleule utakula saa 10. Kwenye joto hizo 4 za ziada ni uchovu tu. Kwenye baridi vidole vinashindwa kufunga kamba, na mshika usukani anaanza kuamua ovyo. Kwa hiyo fungua kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa, ramani baadaye, mng'oe nanga mkondo ukiwa upande wenu. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, upepo ukipingana na mkondo kwenye rasi, msipite. Subirini maji yageuke.

Hukuuliza kuhusu kuanguka majini, lakini hilo ndilo linaloninyima usingizi. Chini ya nyuzi 15 mwili hushtuka, mtu hutweta bila kujizuia kwa dakika moja hadi tatu, na akivuta pumzi kichwa kikiwa chini ya maji amekwisha. Akivuka hapo, ana kama dakika 10 za mikono yenye nguvu. Ndani ya muda huo waliobaki wawili wageuze mashua, washushe tanga na kumpandisha mtu aliyelowa chapa. Si rahisi hata kwa wazoefu. Jaketi la kuokolea livaliwe muda wote, na kamba ya usalama iwe fupi kiasi cha kumzuia mtu asivuke ukingo.

Punguzeni tanga mapema kuliko mlivyozoea, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na husukuma zaidi kwa kasi ileile. Mkiwasha hita ya mafuta, acheni tundu la hewa na mfunge king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu.

Mwisho, kila siku iwe na bandari ya kukimbilia njiani, inayoingilika hata maji yakiwa yamekupwa.