Wapata Wapi Wakati, Mwalimu?

Juzi Jumatano usiku dada mmoja wa Malindi aliniletea ujumbe. Alianza kwa shikamoo, akaniombea afya, kisha akauliza: "Mwalimu, wewe wafundisha, una sukari, una watoto na mama mzee nyumbani. Riwaya waiandika saa ngapi? Mimi nina wazo huu mwaka wa tatu na sijavuka ukurasa wa kumi. Wapata wapi wakati?"

Ujumbe ule ulinikuta vibaya. Asubuhi yake nilikuwa nimerudishiwa muswada wangu. Ulikaa kwa mchapishaji miezi 14, na majibu yalikuwa mistari minne ya barua pepe pamoja na kurasa za mwanzo zilizotiwa alama nyekundu. Nilikwenda darasani nikafundisha ushairi kama kawaida, nikarudi, nikapika, nikajidunga sindano yangu ya magharibi, nikalala na nguo za kazini.

Nimekaa siku mbili nikitafuta la kumjibu. Sasa ni Ijumaa usiku, watoto wamelala, na nimeona jibu lenyewe si lake peke yake. Najua mko wengi mnaonisoma, wenye daftari chini ya godoro na wahusika wanaowaamsha usiku wa manane. Nanyi nawajibu.

Nianze na hesabu, maana watu wengi wanaogopa riwaya kwa sababu hawajaipigia hesabu. Muswada wangu una maneno 61,000 na kitu. Niliuandika kwa wiki 82, na kati ya hizo kuna wiki 14 ambazo sikutoa ukurasa hata mmoja. Zinabaki 68. Gawanya mwenyewe: ni maneno 900 kwa wiki, yaani asubuhi tatu, maneno 300 kila asubuhi. Maneno 300 kwa mwandiko wangu wa kubana ni ukurasa mmoja wa daftari kubwa. Basi ni huo tu. Ukurasa mmoja, mara tatu kwa wiki.

Asubuhi zangu ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia baada ya sala ya alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu, wakati punda wa kwanza wanapoanza kupita kichochoroni na mizigo ya mchanga na mama anapoita chai. Tunakaa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, katika nyumba ya mawe aliyotuachia babu, na chumba cha ndani kina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukuta mzima. Kidaka cha juu kabisa sikifikii mpaka nipande kigoda. Simu yangu huwekwa huko tangu usiku. Haishuki mpaka ukurasa umetimia. Siku nyingine za wiki sitawachosha nazo: vipindi, insha za kusahihisha, mikutano ya walimu, soko, jikoni. Mnazijua, nanyi mnazo zenu.

Ila mwandishi mgonjwa ana bwana mwingine juu ya hao wote. Niligunduliwa kuwa na kisukari nikiwa na miaka 34. Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa kwenye vidonge, kisha nikatiwa kwenye insulini. Nakiri kwamba mwaka ule wa sindano niliamini uandishi umekwisha. Nililia sana. Ramadhani ya kwanza daktari aliniambia nisifunge, na kule kuketi mchana na kikombe cha maji mbele ya watoto wanaofunga kuliniuma kuliko sindano yenyewe.

Niwaeleze asubuhi moja. Ilikuwa Alhamisi, majira ya kusi, upepo wa baridi unaingia uani. Niliamka na sentensi kichwani, nikaswali mbio mbio, nikakaa kuandika bila kupima sukari kwa kuogopa sentensi itanitoroka. Baada ya muda nikaona karatasi inalowa. Jasho lilikuwa lanitoka usoni, ladondoka juu ya wino, na upepo ni ule ule wa baridi. Mkono ukaanza kutetemeka. Niliendelea kuandika. Binti yangu, wakati huo ana miaka 11, alishuka kutafuta sare yake akanikuta nimeandika "Mzee akashuka pwani" mara tisa, moja chini ya nyingine, herufi zikizidi kuwa kubwa. Aliniita, nikamtazama tu, jina lake silijui. Mtoto yule alikimbilia jikoni akakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe cha maji akaninywesha. Baada ya robo saa akanipima: 3.4, bado iko chini. Hatujui nilipokuwa nimefika kabla ya hapo.

Ukurasa ule nimeuhifadhi. Nimeubandika ndani ya jalada la daftari ili niuone kila ninapolifungua. Tangu siku ile napima kwanza, ndipo naandika. Sentensi nzuri ikinitoroka, na itoroke. Kikombe cha maji ya sukari kiko mezani kando ya kalamu, kimefunikwa kwa kawa, kila asubuhi ya kuandika.

Na kwa nyinyi wenye insulini na umeme wa kukatika: dawa ambayo hujaifungua hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande, kwa sababu ikiganda imeharibika. Ile unayoitumia, nyingi ya hizi za kawaida huvumilia kama siku 28 nje ya friji mradi isipate joto kali. Majira ya kaskazi hapa Lamu yana joto kali. Mimi naitia kwenye mfuko usiopitisha maji, naiweka ndani ya kijungu cha udongo, na kijungu hicho nakiingiza ndani ya mtungi wenye maji kidogo chini, nimeufunika kwa kitambaa kibichi, pembeni ya dirisha la upepo. Muuguzi mmoja ndiye aliyenifundisha, Mungu amlipe. Muulize na wako kwanza, dawa zinatofautiana. Nayasema haya kwenye makala ya uandishi kwa sababu nilipokuwa sina hakika na dawa yangu sikuweza kumfikiria mhusika yeyote. Akili yote ilikuwa kwenye friji.

Sasa zile wiki 14. Nane zilikwenda na mguu. Nilikuwa nimefuata wavuvi kwenye mikoko upande wa bara ili niione vizuri ardhi ninayoiandika, nikakanyaga gamba la chaza. Kwa mtu asiye na sukari ni kidonda cha siku tano. Mimi nilikaa kitandani nimenyanyua mguu juu ya mito, nimenuna, sitaki kuona daftari. Mama yangu hakunipa pole kwa muda mrefu. Siku moja aliingia akaketi, akanikumbusha habari za Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyetunga ule utendi wa kumuusia binti yake. Mwaka 1858, maradhi yamemshika kwa mwaka mzima, alimwita binti yake asogee na wino na karatasi. Mama akasema, "Nawe una binti. Mwite." Nilimwita. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kalamu ya risasi, nikamtajia mistari, akaandika. Haikutimia ukurasa, lakini mistari ile sita iko kwenye sura ya 7 hadi leo, na nikiisoma nasikia sauti yake ikiuliza, "Hapa natia nukta?"

Kwa hivyo ukiugua usiseme umeacha. Mtafute mtu akuandikie sita.

Wiki sita zilizobaki zilikwenda na habari. Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024 niliandika ukurasa wangu vizuri, nikaenda kazini. Mchana chumba cha walimu chote kilikuwa kimeinamia simu. Muswada wa Fedha, ule wa sheria ya kodi, ulikuwa umepitishwa, vijana wanaoupinga wameingia Bunge, risasi zinasikika. Wanafunzi niliowafundisha wako vyuoni Nairobi. Mmoja wao, kijana wa Faza mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha, alikuwa akinitumia sauti fupi fupi: tuko hapa, tumerudi nyuma, gesi imekuwa nyingi. Kisha kimya. Usiku kucha nilitazama alama moja ya kijivu kwenye simu, ile ya ujumbe usiomfikia mtu. Siku ya pili Rais akatangaza kwamba hatautia saini ule muswada, watu wakashangilia, mimi bado natazama alama ile. Alijibu usiku wa Jumatano. Betri ilikwisha, akalala kwa rafiki.

Baada ya hapo simu haikupanda tena kidakani. Nilikaa nayo hadi saa nane za usiku nikijibizana na watu nisiowajua, alfajiri naamka na hasira, kipimo cha sukari kinasoma 16, 17, juu mno. Sikuandika. Nilijiambia kwamba riwaya ni anasa wakati watoto wa watu wanakufa. Wapo waandishi wengi waliojiambia hivyo mwaka ule, nawajua. Leo nasema tulikosea. Wale vijana hawakufaidika hata kidogo na hasira yangu ya saa nane za usiku, na hata mimi sikufaidika.

Kilichoniokoa ni daftari la pili, dogo, la shilingi 20. Kila jioni naandika tarehe na kitu kimoja tu nilichokisikia au kukiona, bila maoni. Maoni nimejikataza. "Alama moja ya kijivu, usiku kucha." Nikishaandika, habari imepata mahali pa kukaa na kichwa changu kinapumzika. Kule kungoja simu ndiko kulikozaa sura ya 9, mama anayengoja mwanawe. Ila ilinichukua miezi minne kabla sijaweza kuigusa. Habari ikiwa moto usiitie kwenye riwaya. Iache ipoe daftarini. Nasisitiza tena: simu juu, daftari chini, ukurasa mmoja.

Nafika kwenye lile linaloniuma.

Riwaya yangu ni ya mvuvi mzee. Marehemu baba yangu alivua miaka 40, na nimeiona bandari ya Lamu ikijengwa Kililana, tangu mikoko ikikatwa na bahari ikichimbwa kina hadi meli ya kwanza ilipotia nanga Mei 2021. Nilifuatilia kesi ya wavuvi walioathiriwa na bandari hiyo hadi Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamuru mwaka 2018 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mzee wangu wa riwaya anasema kama walivyosema wazee wa kwetu. Anasema mai. Anasema ndia. Anasema mato. Kurasa zilizorudi zimetiwa nyekundu kila palipo na maneno hayo: maji, njia, macho. Na ile mistari minne inasema kwamba lahaja imezidi, wanafunzi hawataelewa, na kitabu kisichoingia shuleni hakina soko.

Mimi ni mwalimu. Hao wanafunzi wanaozungumziwa nawafundisha mimi. Najua Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja na kwamba kamati ya kukisanifisha iliundwa 1930, na sina ugomvi na hilo, ndicho ninachokisahihisha kila wiki. Lakini Mwana Kupona alimwandikia binti yake kwa lugha ya kwetu hii, na karne moja na nusu baadaye bado anasomwa vyuo vikuu. Na neno runinga mnalolitumia kila siku tumeachiwa na Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu, aliyetumia umri wake kuchimbua hazina za lahaja hizi hizi. Kumwambia mvuvi wa Lamu aseme "maji" ni kumnyang'anya kinywa chake. Nimeumia, na sioni haya kusema kwamba nimeumia.

Jana ilikuwa Alhamisi, asubuhi ya kuandika. Sikutaka kuamka. Niliamka kwa sababu ni Alhamisi. Nilipima: 6.8. Nikaweka kikombe changu cha maji ya sukari, nikafungua zile kurasa zenye nyekundu, nikazisoma taratibu, kwa mara ya kwanza bila machozi. Nyinyi mnaotaka kuandika, jizoesheni jambo hili mapema: msijibu barua ya kukataliwa siku ile ile, wala siku ya pili. Subirini asubuhi yenu ya kuandika ifike, mzisome alama zile kama mnasahihisha kazi ya mwanafunzi mnayempenda. Mtaona kwamba aliyewakosea hakukosea pote. Mimi niliona pahali 11 ambapo si mzee anayesema, ni msimulizi, na msimulizi wangu ni mtoto wa shule aliyekulia Mombasa. Yeye kwa nini aseme ndia?

Dada yangu wa Malindi, ukurasa wako wa kumi na moja chagua siku yake usiku huu huu. Ukikushinda, niandikie, nami nitakujibu Jumapili, siku ambayo simu iko chini.

Kesho Jumamosi. Mtungi nimeujaza maji, kigoda kiko chini ya kidaka. Zile ndia 11 za msimulizi nimeshazifanya njia. Za mzee ziko 43, na mai 60 na zaidi. Nimezihesabu zote, na zote zinabaki.