Kabla hujajibu, jua anayekuuliza katoka wapi

Wengi wetu tuliohamia Marekani tukiwa watu wazima tumekulia katika nchi ambazo polisi ni wamoja. Kenya wote wako chini ya Inspekta Jenerali, Tanzania wako chini ya IGP, Kongo kuna polisi ya taifa. Askari akikusimamisha Nakuru au Morogoro, huna haja ya kujiuliza ni wa serikali ipi. Mazoea hayo tumekuja nayo huku, na nimeona yakiwaponza watu wasio na kosa lolote la maana: wamejibu maswali ambayo hawakulazimika kuyajibu, au wamefungua mlango ambao sheria iliwaruhusu kuuacha umefungwa.

Mimi si wakili. Nimeishi Texas miaka mingi, kazi yangu ni kutafsiri kwenye ofisi za mawakili na mahakamani, na baada ya saa za kazi huwasindikiza ndugu zetu Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania wanapopata shida na vyombo vya dola. Ninayoandika hapa nimeyapata nikiwa nimekaa kati ya mteja na wakili wake. Ukiwa na shauri lako mwenyewe, tafuta wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Yule jamaa wa kanisani anayejaza fomu kwa dola mia, hata kama ana moyo mzuri kiasi gani, hatoshi.

Kwanza elewa mpangilio wenyewe. Marekani ina vyombo vya polisi takriban 18,000. Mji una polisi wake, kaunti ina sherifu aliyechaguliwa kwa kura, jimbo lina askari wake, hata chuo kikuu kina polisi wake. Kisha kuna vyombo vya serikali ya shirikisho: FBI ya upelelezi, DEA ya dawa za kulevya, Marshals wa mahakama za shirikisho, na ICE ya kukamata na kuondoa wahamiaji, iliyoundwa mwaka 2003. Watu hudhani hawa wa shirikisho ndio wakubwa wa wale wengine. Si wakubwa wao. Miaka ya tisini masherifu wawili, mmoja wa Montana na mwingine wa Arizona, walikataa kazi waliyotwishwa na sheria ya Bunge la shirikisho ya kuwachunguza wanunuzi wa bunduki. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1997 wakashinda: Washington haiwezi kuwaamuru askari wa majimbo wafanye kazi yake. Kwa hiyo ukiwaona polisi wa mji na maafisa wa shirikisho wamesimama pamoja, ujue kuna makubaliano yaliyowaleta, au sheria ya jimbo inayowalazimisha wenyeji, au wamejitolea tu kusaidiana. Kila mmoja pale amekuja na mamlaka yake, na mipaka yake.

Askari wa kawaida wa mji hana mamlaka ya kukukamata kwa sababu tu huna karatasi. Mahakama ya Juu ililisema hilo mwaka 2012 katika kesi ya Arizona. Kinachoweza kumpa mamlaka hayo ni mkataba kati ya kituo chake na ICE chini ya kifungu cha 287(g), kilichoingizwa kwenye sheria ya uhamiaji mwaka 1996. Ipo mikataba inayohusu jela peke yake, ipo ya kukabidhi hati za ICE kwa watu walioko jela, na ipo ya kumruhusu askari aulize na kukamata barabarani. Hii ya barabarani ilisimamishwa mwaka 2012, ikarudishwa 2025. ICE yenyewe huchapisha kwenye tovuti yake orodha ya vituo vilivyosaini. Tafuta jina la kaunti yako humo leo, ukiwa umekaa nyumbani na akili imetulia. Hapa Texas sheria inayotumika tangu Januari 2026 inawataka masherifu wanaoendesha jela waingie katika mikataba hiyo, kwa hiyo swali la kama jela ya kaunti inashirikiana na ICE karibu limejijibu.

Na upande wa pili? Afisa wa ICE au FBI hawezi kukuandikia faini ya mwendo kasi. Ila sheria ya Texas inawapa baadhi ya wapelelezi wa shirikisho uwezo wa kukamata kwa makosa makubwa ya jimbo, yale yanayoitwa felony, ingawa inasema wazi kwamba wao si askari wa jimbo. Majimbo mengine yana kanuni zao. Ndiyo maana ushauri wa binamu yako aliyeko Minnesota unaweza usikufae wewe wa Houston.

Nieleze lililompata mtu mmoja, nikiacha majina. Kijana Mkongo anayepeleka vifurushi alisimamishwa na polisi wa mji kwa sababu stika ya usajili kwenye kioo cha gari ilikuwa imepitwa na tarehe. Askari akiwa bado anaandika, likaja gari lisilo na alama, akashuka mwanamume aliyevaa fulana ya kuzuia risasi iliyoandikwa POLICE kifuani kwa herufi kubwa. Maandishi ya chombo chake halisi yalikuwa madogo, pembeni. Akaenda upande wa abiria, alikokaa shemeji wa dereva, akauliza kwa upole kabisa: umezaliwa wapi, umeingiaje nchini? Shemeji, mtu mwenye heshima zake, akasimulia maisha yake yote, kuanzia Fizi hadi kambi ya Nyarugusu hadi uwanja wa ndege, na kwenye tarehe akachanganya. Tarehe ile aliyoikosea tuliikuta baadaye imeandikwa kwenye faili lake, na wakili alifanya kazi kubwa kuisafisha.

Kwenye gari lile kulikuwa na mamlaka mbili. Dereva alikuwa na wajibu kwa polisi wa mji: leseni na bima. Shemeji alikuwa anaulizwa na afisa wa uhamiaji, ambaye sheria inampa ruhusa ya kuuliza, lakini haimlazimishi anayeulizwa kujibu. Afisa huyo anaweza kukamata bila hati ikiwa ana sababu ya kuamini kwamba mtu yuko nchini kinyume cha sheria na atatoroka kabla hati haijapatikana. Mara nyingi sababu hiyo huipata kinywani mwetu wenyewe.

Kwa hiyo ninawaambia watu hivi. Uliza kwanza, kwa adabu: wewe ni wa chombo gani? Kisha uliza kama uko huru kwenda. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba shughuli iliyofanya gari lisimamishwe ikishakwisha, askari hawezi kuwaweka barabarani kwa jambo jingine bila shaka yenye msingi, na kusubiri mwenzake afike si msingi. Kama wewe si raia na una miaka 18 au zaidi, sheria ya shirikisho inakutaka utembee na hati yako ya usajili. Green Card ikae kwenye pochi, isifichwe ndani ya sanduku chini ya kitanda. Kuonyesha kadi ni jambo moja, kusimulia historia yako ni jambo jingine. Ukishaonyesha kadi unaweza kusema: sitajibu maswali mengine bila wakili wangu. Halafu unyamaze kweli.

Usidanganye. Hapa nasisitiza kwa sababu kwetu uongo mdogo kwa askari huonekana kama njia ya kumaliza maneno. Kumwambia afisa wa shirikisho uongo kuhusu jambo la maana ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka mitano, hata kama hukuapa, hata kama mlikuwa mnaongea kibarazani. Texas nayo inaadhibu kumpa polisi jina la uongo anapokushikilia. Ukiacha jina lake, ambalo Texas inamtaka mtu alitaje akishakamatwa kihalali, anayenyamaza hajavunja sheria. Anayetunga hadithi amejitengenezea kesi mpya, na kesi hiyo inaweza kumharibia Green Card kuliko lile aliloogopa mwanzo.

Mlangoni mambo huwa mazito zaidi, maana mara nyingi polisi wa mji hubisha hodi na wale wengine wamesimama nyuma yao. Usifungue. Waombe waonyeshe karatasi dirishani au waipitishe chini ya mlango, kisha isome taratibu. Hati ya jaji ina jina la mahakama juu, kwa mfano United States District Court au mahakama ya kaunti, na chini ina sahihi ya jaji. Karatasi ya uhamiaji, fomu I-200 au I-205, juu imeandikwa Department of Homeland Security, na aliyesaini ni afisa wa idara hiyo hiyo. Kwa miaka mingi imefahamika kwamba karatasi hiyo ya pili haimpi mtu ruhusa ya kuingia nyumbani kwako bila wewe kukubali. Lazima niseme pia kwamba waraka wa ndani wa ICE wa mwaka 2025 ulidai maafisa wanaweza kuingia kwa nguvu wakiwa na I-205, kwa mtu ambaye tayari ana amri ya mwisho ya kuondolewa nchini. Mawakili wanaupinga vikali. Wakiingia kwa nguvu usiwazuie kwa mwili wako, kwa kuwa kumzuia afisa wa shirikisho ni kosa lenyewe, na linamhusu pia anayemzuia askari anayemsaidia. Sema kwa sauti kwamba hukubali kupekuliwa, mtu mmoja akumbuke majina na namba za beji, na mengine yaende kwa jaji.

Soma jina pia. Mama mmoja alifungua kwa sababu hati ilikuwa ya kweli, ya jaji, lakini ilikuwa ya kumkamata mpwa wake aliyekuwa akiishi mji mwingine. Tangu mwaka 1981 sheria iko wazi: hati ya kumkamata mtu haitoshi kuingia nyumba ya mtu mwingine, inahitajika hati ya upekuzi ya nyumba hiyo. Hakuna aliyemwambia. Waliingia, mpwa hakuwemo, na aliyeondoka nao ni mgeni aliyekuwa amelala sebuleni.

Jela ndiko pesa zetu zinakopotea. Mtu akikamatwa na polisi wa mji kwa kosa dogo, alama za vidole anazochukuliwa huenda FBI, na kutoka huko hufika idara ya uhamiaji. Utaratibu huu ulianza mwaka 2008, na hufanyika hata katika mji ambao meya ametangaza kwamba hashirikiani na ICE. ICE ikimtaka, hutuma fomu I-247A kuomba ashikiliwe hadi saa 48 zaidi baada ya muda ambao angeachiwa. Kwa sheria ya shirikisho hilo ni ombi, kama mahakama ya rufaa ya Philadelphia ilivyosema mwaka 2014. Illinois, kwa sheria yake ya 2017, inakataza polisi kumshikilia mtu kwa ombi hilo pekee bila hati ya jaji. Texas, kwa sheria yake ya mwaka huo huo wa 2017, inailazimisha jela kulitii. Karatasi ni ileile.

Kwa hiyo kabla hamjaanza mchango kwenye kundi la WhatsApp, mpigieni wakili na muulize jela: je, kuna ombi la ICE juu yake? Nimeona familia ikikusanya dhamana usiku mmoja, kila mtu akituma alichonacho, wakalipa alfajiri, na saa chache baadaye ndugu yao akahamishiwa kizuizi cha shirikisho, safari ya saa nyingi kwa gari. Mahakama ya jimbo ikaendelea kumngoja siku ya kesi huku yeye akiwa amefungiwa na serikali nyingine, na dhamana ikawa hatarini. Dhamana ya uhamiaji ni nyingine kabisa, na pesa zilikuwa zimeisha. Kila mtu mwenye faili la uhamiaji ampe mtu anayemwamini namba yake inayoanza na herufi A pamoja na nchi aliyozaliwa, kwa sababu hizo ndizo zinazotumika kumtafuta kwenye mfumo wa ICE.

Ukiumizwa je? Hapo ndipo beji inapoamua karibu kila kitu. Polisi wa mji akivunja haki zako za kikatiba unaweza kumshtaki yeye binafsi kwa sheria ya mwaka 1871. Afisa wa shirikisho haguswi na sheria hiyo. Njia ya kumshtaki yeye binafsi, iliyofunguliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1971, imebanwa sana, hasa kwa uamuzi wa 2022, na iliyobaki zaidi ni kuidai serikali yenyewe. Unajaza fomu ya madai, SF-95, ndani ya miaka miwili. Nimeona madai mazuri yakifa kwa sababu mtu alingoja.

Mwaka 2014 huko Grand Rapids, Michigan, mwanafunzi wa chuo aitwaye James King alisimamishwa na wanaume wawili waliovaa kiraia wakimtafuta mtu mwingine. Walipochukua pochi yake akadhani ni wezi, akakimbia, wakampiga vibaya. Mmoja alikuwa wa FBI, mwingine mpelelezi wa mji aliyekuwa kwenye kikosi kazi cha FBI. King ndiye aliyeshtakiwa, na wananchi wa baraza la mahakama wakamwona hana hatia. Alipodai haki, mahakama ya rufaa ilisema yule mpelelezi wa mji naye alikuwa akitenda kwa mamlaka ya shirikisho, kwa hiyo sheria ya 1871 haimhusu. Shauri lilifika Mahakama ya Juu mwaka 2021, na baada ya yote bado hakufaulu. Mimi naliona jambo hili ni dhuluma, na ndilo linalonifanya nirudie kila ninapokaa na watu: andika usiku huo huo nani alikuwa wa wapi, maana askari wa mji akishaingizwa kwenye kikosi kazi, sare yake haikwambii tena ukamdai wapi.

Jambo la ubalozi hulisikii sana, nalo linatuhusu sisi hasa. Akikamatwa Mtanzania, awe ameshikwa na polisi wa mji au wa shirikisho, Marekani inawajibika kuujulisha ubalozi wa Tanzania, atake asitake, kwa sababu ya mkataba uliorithiwa tangu enzi za Waingereza. Mkenya au Mkongo huulizwa kwanza kama anataka ubalozi wake uambiwe. Mkimbizi, au aliyeomba hifadhi akiikimbia serikali ya kwao, aseme hapana, na amwambie wakili wake mapema. Maafisa hawaruhusiwi kuueleza ubalozi kwamba mtu ameomba hifadhi, basi na wewe usiende kuulizia habari zake kwenye dirisha la ubalozi kwa nia njema.