Uliza Ujibiwe: Tumepeleka vijana Mweka, je WMA yetu ina ithibati?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji, WMA yetu, yaani eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji, iko huku Monduli ila nakaa Kisongo. Juzi mtalii mmoja wa Florida alikuwa anapiga stori getini akasema askari wa wanyamapori wa kwao wana ithibati, tena sio mtu mmoja mmoja, idara nzima. Nikamuuliza bosi, akasema sisi tulishapeleka vijana wawili Mweka kwa hiyo tunayo tayari. Ni kweli? Na kama hatuna tunaanzia wapi?
Askari, Kisongo

JIBU: Marahaba kijana. Bosi wako kachanganya mambo. Mweka ni chuo cha maana, kipo hapo juu ya Moshi toka 1963 na kimefundisha wahifadhi wa nchi kibao za Afrika, ila cheti anachotoka nacho kijana ni cha kwake, kesho akipata kazi kwingine anaondoka nacho na nyie mnabaki vile vile.

Alichokisema mgeni wako ni kitu kingine. Kule Marekani kuna chombo cha kutoa ithibati kwa idara za polisi kinaitwa CALEA, kilianzishwa 1979 na vyama vinne vya viongozi wa polisi, na Florida wana tume yao wenyewe ya jimbo ambayo ndo imeipa ithibati idara ya askari wa wanyamapori. Ni hiari, hamna anayekulazimisha. Mnaandika taratibu zenu zote, lini askari anaruhusiwa kutumia nguvu, raia akilalamika nani anachunguza, kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, kinalala wapi na funguo anazo nani, halafu wanakuja watu wa nje wanakagua kama mnayofanya ndo hayo mliyoandika. Na sio mara moja basi, CALEA mzunguko wao ni miaka minne kisha mnapimwa upya.

Huku kwetu TANAPA wa hifadhi za taifa, Ngorongoro, TAWA wa wanyamapori na TFS wa misitu wako chini ya Jeshi la Uhifadhi, wana makamishna, vyeo na nidhamu ya kijeshi. Ni hatua, ila gwanda na saluti sio ukaguzi wa mtu wa nje jamani. Kuna pia Green List, orodha ya hifadhi zinazoendeshwa vizuri ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, jirani zetu wa hifadhi za Ol Pejeta na Lewa za Kenya waliingia 2014, lakini hiyo inapima hifadhi nzima inavyoendeshwa, askari ni kipande tu.

Sasa mnaanzia wapi. Mimi ningeanzia kwenye vielelezo, maana hapo ndo kesi zinafia. Chukua mfano wa nyamapori: mmemkamata mtu na nyama ya pundamilia, inaanza kuoza, mnakimbiza hati kwa hakimu apitishe iteketezwe na mtuhumiwa mmemuacha lokapu. Mahakama ya Rufani ilishasema 2019 kwamba mtuhumiwa lazima awepo mbele ya hakimu na asikilizwe kabla nyama haijateketezwa, na mwongozo wa polisi unataka ikiwezekana ipigwe picha. Msipofanya hivyo ile hati haina kazi, mtu anatoka, mnabaki kulaumu mahakama eti imekula rushwa. Kumbe hamkuwa na karatasi moja ukutani inayosema nani anafanya nini. Kwa hiyo fungueni rejista, kila kielelezo kikitoka mkono mmoja kwenda mwingine mtu asaini, tarehe na saa, hata kama ni panga tu.

Baada ya hapo chukueni kanuni za maadili za askari wa hifadhi zilizotolewa na shirikisho lao la kimataifa, IRF, zilitoka 2021, zisomeni kwenye kikao na wanakijiji wakiwepo, wao ndo wanajua nani anapiga watu porini. Halafu waombeni wenzenu wa WMA nyingine waje wawakague, nyie mkawakague wao, gharama ni mafuta ya pikipiki na chai. Haitaitwa ithibati ila kazi itakuwa ni ile ile.

SWALI: Nina diploma ya wanyamapori, natafuta kazi. CALEA wanaweza kunipa cheti?
Msomaji, Moshi

JIBU: Hapana mdogo wangu, wao wanapima idara sio mtu. Fuatilia matangazo ya ajira ya TANAPA na TAWA, na yeyote atakayekuomba hela akuletee "cheti cha CALEA" usimpe hata nauli.