Shangazi, nikipokea Komunyo na rafiki yangu nimekubali dhambi?

*Shikamoo Shangazi. Niko Masasi, Mwanglikana tangu kuzaliwa. Nina rafiki tuliyechezwa naye unyago, tukapata Kipaimara siku moja, na sasa sote tumo Umoja wa Akina Mama. Tangu Kanisa la Uingereza liruhusu mwaka 2023 wapenzi wa jinsia moja waombewe baraka, mjadala kwetu hauishi. Yeye alisema mbele ya watu tusivunje ushirika na Waingereza, na watu wa namna hiyo nao wasikilizwe. Mwenyekiti anasema ameuza imani, anapitisha barua ya kumtoa uongozini na anataka sahihi yangu. Rafiki yangu ana kijana aliyeko Dar, naye hajarudi tangu Pasaka, basi watu wananong'ona. Mimi Jumapili siendi kupokea ili nisipige magoti naye. Nikishiriki naye, si nimekubali dhambi?*

Marahaba, mwanangu. Hapana, hujakubali. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate. Hakumtuma amhoji aliyepiga magoti kando yake.

Kuhusu Maandiko sitakuzungusha. Kanisa Anglikana la Tanzania linafundisha kuwa ndoa ni ya mume na mke, nawe una haki ya kulishika hilo kwa moyo wote. Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, walipokutana Lambeth mwaka 1998, walitamka kwamba matendo ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Lakini katika azimio hilohilo, namba 1.10, walijifunga kuwasikiliza watu hao na kuwahakikishia kuwa Mungu anawapenda. Sasa niambie, rafiki yako amesema nini ambacho maaskofu hawakukisema? Hajasema dhambi si dhambi. Amesema wasikilizwe. Hilo la kwamba dhambi si dhambi mmemwongezea ninyi.

Najua mwenyekiti atakukumbusha mkutano wa maaskofu wakuu Dar es Salaam, Februari 2007, ambapo baadhi yao walikataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja na mkuu wa kanisa la Marekani. Ni kweli. Ila ugomvi wao ulikuwa na viongozi waliokwisha kumweka wakfu askofu aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenzake. Haukuwa na mama wa parokia aliyetoa maoni yake. Tena hata hao waliokataa meza walibaki kwenye kikao wakazungumza na wenzao. Wewe na mwenzako hamzungumzi kabisa.

Na Masasi yenu si wageni wa mabishano. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wenu wa kwanza tangu 1926, ndiye aliyeifanya jando iwe ya Kikristo, na wapo waliochukizwa wakiona upagani unaingizwa kanisani. Parokia zenu zipo hadi leo.

Lakini mwanangu, nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nakwama kwenye kijana. Umemtaja kwa sentensi moja ukapita. Hujui kwa nini hajarudi, mimi pia sijui, na wanaonong'ona hawajui. Huenda ni kazi, huenda ni nauli. Ila mama yake anasikia minong'ono, na wewe uliyekaa naye mwalini unamkwepa madhabahuni mbele ya kanisa zima. Anaelewa nini akikuona umebaki kwenye benchi? Katika nchi yetu neno kama hilo likimshika kijana wa watu linaweza kumfikisha polisi na gerezani. Usilirudie, wala kwa mumeo. Ile orodha ya wasiourithi ufalme wa Mungu mnayoinukuu, katika 1 Wakorintho 6, inawataja pia watukanaji, na sijasikia barua ikipitishwa juu yao.

Basi nenda kwake kabla ya Jumapili, peke yako, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Usiende na Biblia iliyowekwa alama. Muulize alimaanisha nini, umsikilize hadi amalize. Usimuulize habari za mwanawe; akitaka kukwambia atakwambia, na hapo kazi yako ni kukaa naye. Mkiona bado mnatofautiana, mwambie waziwazi kwamba mnatofautiana. Kama kuna fundisho linalokutia wasiwasi, mpelekee padre, ndiye mwenye kazi hiyo.

Na ile barua usiiweke sahihi. Mwambie mwenyekiti kwamba jina lako halimo, na umwombe naye aende akamwone mwenzenu nyumbani kwake.