Jibu: Bomba la aota likiingia vijidudu, ateri ya mtu aliyefariki inasaidiaje?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini mgonjwa mwenye bomba la Dacron (kitambaa cha plastiki kinachowekwa badala ya kipande cha aota, ateri kuu itokayo moyoni) lenye vijidudu asipewe tu antibiotiki za muda mrefu, na je, akiwekewa ateri ya mtu aliyefariki atameza dawa za kushusha kinga maisha yote?

La pili ni jepesi: kwa kawaida hapewi, maana dawa hizo zingeyapa nguvu maambukizi yaleyale. Kundi la damu hulinganishwa ikiwezekana. Ila kinga ya mwili huishambulia ateri hiyo taratibu, na miaka ikienda inaweza kutanuka au kuziba, hasa matawi yanayoshuka miguuni.

Antibiotiki peke yake ni nadra kutosha kwa sababu bakteria hujijengea utando juu ya nyuzi za bomba. Homa inashuka, wenyewe wamebaki. Kwa mgonjwa anayehimili upasuaji, bomba hutolewa lote, pamoja na nyama iliyooza na ukuta wa aota uliolegea kwenye maungio. Kipande kikiachwa kwa kuwa "kinaonekana safi", ugonjwa hurudi.

Ateri ya kuwekwa mahali pake huhifadhiwa kwenye mvuke wa nitrojeni, kama nyuzi -150 au chini zaidi. Ikitolewa humo na kutumbukizwa papo hapo kwenye maji ya nyuzi 37, ukuta wake hupata nyufa. Hatua za mwanzo za kuyeyusha ziende polepole, maji hayo ya vuguvugu yafuate, kisha isuuzwe mara kadhaa kuondoa dawa ya kuzuia barafu.

Hatari kubwa iko kwenye vitawi vya pembeni. Kuvifunga kwa uzi tu hakutoshi. Vishonwe kwa polipropilini (uzi wa plastiki usioyeyuka mwilini), na wapo wanaoigeuza ateri ili matundu hayo yatazame mbele, yaonekane yakivuja. Maungio yasivutwe. Mwisho, omenta (pazia la mafuta la tumboni) izungushiwe ateri yote, hasa kama aota ilikuwa imetobokea kwenye duodenamu (mwanzo wa utumbo mdogo). Hao ndio wagonjwa walio hatarini zaidi: kuna bakteria wa utumbo, mara nyingi na fangasi aina ya Candida, na ateri mpya inaweza kupasuka mapema.

Timu ya daktari wa upasuaji wa mishipa Édouard Kieffer, Paris, ilianza kazi hii 1988, na 2004 ikatoa matokeo ya wagonjwa 179. Ushauri wao: tumia zilizogandishwa badala ya mbichi, na epuka aota inayoshuka kifuani.

Binafsi, kwa mgonjwa kijana aliyetulia ningefikiria kwanza mishipa ya vena ya mapaja yake mwenyewe. Inadumu vizuri, ingawa kuivuna huchukua saa kadhaa na mguu unaweza kuvimba. Anayevuja damu hana saa hizo. Ateri ya benki ya viungo ikikosekana, hutumika Dacron iliyolowekwa antibiotiki ya rifampisini, lakini bakteria sugu kwa dawa hiyo hawaijali.

Baada ya hapo ni antibiotiki kwa wiki 6 angalau, mara nyingi miezi 3 hadi 6 kulingana na kipimo cha kuotesha vijidudu, na CT (picha ya kompyuta) ya mishipa kila mwaka hata kama mgonjwa hana dalili.