Jagi lako limekosa giza, si mistari

Ndugu, umeuliza kwa nini jagi na limau ulivyochora kwa rangi za mafuta vinaonekana bapa kama karatasi iliyobandikwa, ilhali umefuata kila doa. Tatizo hilo lilinisumbua karibu miaka miwili. Nilinunua brashi nyembamba zaidi na zaidi, kumbe nilikuwa nakosea mwanga na giza.

Anza na taa. Acha moja tu, iwe upande mmoja na juu kidogo. Zikiwa mbili, vivuli hugongana na umbo hupotea. Kisha finya macho mpaka madoa madogo yafifie. Utashangaa: kitambaa cheupe kilicho kivulini mara nyingi kina giza kuliko limau lililo kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nakipaka cheupe kwa sababu tu nakijua ni cheupe.

Siku hizi siigusi rangi ya njano kabla sijaikamilisha picha nzima kwa amba, ile kahawia ya udongo, niliyoizimua kwa tapentaini. Penye mwanga nafuta kwa kitambaa. Amba ina manganizi, aina ya madini, inayoharakisha ukaukaji, kwa hiyo mara nyingi kesho yake naendelea.

Tabaka zinazofuata ziwe na mafuta mengi kuliko za chini. Mafuta ya kitani, yale yanayochanganywa kwenye rangi hizi, hayakauki kama maji. Hukamata oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu, taratibu. Niliwahi kuweka nyeusi yenye mafuta mengi chini, juu yake rangi kavukavu. Baada ya miezi kadhaa tumbo la jagi lilipasuka nyufa, na picha ile niliipenda sana.

Halafu kingo, na hapa ndipo wengi tunaharibu. Usikate ukingo mkali kuzunguka kitu chote. Upande wa kivuli uburuze kwa brashi kavu mpaka uyeyukie kwenye mandhari ya nyuma. Limau linapogusa meza, weka giza zito kuliko pote, jembamba. Ndani ya kivuli utaona mwanga unaorudi kutoka mezani. Usiupe nguvu kuushinda upande wenye taa. Kimeta cheupe, ile nukta ya mwanga inayong'aa, kiwe cha mwisho, pigo moja, uache.

Kabla hujarekebisha chochote, ipige picha meza yako na turubai yako kwa simu, uzigeuze ziwe nyeusi na nyeupe, uzilinganishe. Pale ambapo limau lako na meza vimekuwa kijivu kimoja, anzia hapo.